Kubana, Kubanua na Kupunguza: Maoni Kuhusu Vitenzi vya Mafaili ya Kompyuta

Mjadala kuhusu istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa nomino. Wanaisimu na wapenzi wa lugha wamebishana kwa miaka mingi iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Iwapo tuseme faili au jalada. Iwapo folda iitwe kabrasha. Mabishano hayo yana faida yake, lakini mtu akikosea nomino aghalabu hapotezi chochote. Anayesema tarakilishi na anayesema kompyuta wote wawili wataketi mbele ya chombo kimoja na kazi itaendelea. Makala haya yanashughulikia vitenzi, hasa vile vinavyotumika kueleza mafaili ambayo yamekusanywa pamoja na kufanywa madogo ili yahifadhiwe au yasafirishwe. Hapa anayekosea kitenzi anaweza kupoteza tasnifu au, vibaya zaidi, sauti ya mzee ambaye hatarekodiwa tena.

Mwalimu yeyote wa idara ya Kiswahili hupokea mafaili ya namna hii mara kwa mara. Mwanafunzi wa uzamili hutuma sura za tasnifu, hojaji, picha na rekodi za uwandani katika faili moja ambalo jina lake huishia kwa .zip, .rar, .7z au .tar.gz. Maelekezo ya Kiswahili yanayoambatana na faili hilo, kama yapo, husema kwamba limebanwa, limekandamizwa, limefinywa, limeshindiliwa au limezipiwa, na kwamba mpokeaji alifungue. Wingi wa visawe si tatizo. Lugha zote huvumilia visawe. Tatizo ni kwamba visawe hivi vyote hutumika kwa vitendo vitatu ambavyo havifanani, na kimoja kati ya vitendo hivyo hakina marejeo.

Vitendo vitatu

Kitendo cha kwanza ni kufungasha, yaani kukusanya mafaili mengi na kuyafanya yaonekane kama moja. Programu iitwayo tar, iliyotoka pamoja na toleo la saba la mfumo wa Unix mwaka 1979, ilibuniwa kwa kazi hiyo peke yake: kuyapanga mafaili mfululizo ili yaandikwe katika mkanda wa sumaku. Tar haipunguzi ukubwa wa kitu chochote. Kinyume chake, hutanguliza kichwa cha baiti 512 mbele ya kila faili, kisha hujaza nafasi tupu hadi mwisho wa fungu la baiti 512, hivyo furushi linalopatikana huwa kubwa kuliko jumla ya vilivyomo.

Kitendo cha pili ni kubana, yaani kuyaandika upya yaliyomo kwa njia fupi ambayo mashine inaweza kuitangua na kupata kilekile cha awali, baiti kwa baiti. Programu ya gzip, iliyotolewa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992, hufanya hilo tu. Hubana faili moja na haijui kufungasha. Ndiyo maana jina linaloishia kwa .tar.gz lina viambishi viwili, na mwanaisimu atafurahi kuona kwamba mpangilio wake unafuata mantiki ileile ya viambishi tamati vya kitenzi cha Kiswahili. Katika pig-an-ish-a, kilicho karibu na mzizi kilitangulia na kilicho mbali kikafuata. Vivyo hivyo mafaili yalifungashwa kwanza, kisha furushi likabanwa. Anayefungua huanzia nje.

Muundo wa ZIP huviunganisha vitendo hivyo viwili, na nadhani mkanganyiko wetu ulianzia hapo. Muundo huo ulitolewa mwaka 1989, pamoja na programu ya PKZIP, na Phil Katz, Mmarekani aliyefariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 37. Katz aliyaweka hadharani maelezo ya muundo wenyewe, jambo lililowawezesha wengine kuandika programu zao za kuusoma. Herufi za jina lake, PK, zingali zikionekana mwanzoni mwa faili la kawaida la ZIP likifunguliwa kwa programu ya kusomea matini ghafi. Jina la zip nalo lilipendekezwa na rafiki yake kwa maana ya kwenda kasi. Zipu ya suruali iliingia kwa mlango wa picha, wachoraji walipohitaji alama ya kuweka kwenye skrini. Kwa hiyo wanaofafanua neno hili darasani kwa mfano wa kufunga na kufungua zipu wanatafsiri mchoro na kuliacha jina.

Msomaji wa Afrika Mashariki, kwa hakika, hana haja na zipu. Anao mfano bora sokoni. Tulitazame belo la mitumba. Nguo nyingi zimekusanywa pamoja: huko ni kufungasha. Kisha mashine imezigandamiza na kuzikaza kwa mikanda: huko ni kubana. Mikanda ikikatwa, nguo huvimba na kurudia ukubwa wake, na hakuna shati linalokuwa fupi kwa sababu lilisafiri ndani ya belo. Tofauti iliyopo ni kwamba ZIP hubana kila faili peke yake, ndipo ikayafungasha pamoja; kwa sababu hiyo mtu anaweza kutoa faili moja bila kuyagusa mengine, ilhali katika .tar.gz hana budi kupitia yote yaliyotangulia.

Kitendo cha tatu ni kupunguza. Muundo wa MP3 kwa sauti na ule wa JPEG kwa picha hufanya mafaili kuwa madogo kwa kuamua ni sehemu zipi ambazo sikio au jicho la mtu wa kawaida halitazikosa, kisha kuzitupa. Zilizotupwa hazimo tena popote ndani ya faili, na hakuna programu, hata iwe ya bei gani, itakayozitoa humo. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitendo cha pili na cha tatu, kisha huongeza kivumishi kuonyesha kama kuna kinachopotea au la. Sisi tulipotafsiri tulilichukua lile neno na kukiacha kivumishi njiani.

Vitendo vyote vitatu vinaweza kukutana katika faili moja. Mkusanyo wa sauti wa Common Voice wa Mozilla, ambamo maelfu ya wasemaji wamesoma sentensi za lugha zao, Kiswahili kikiwamo, umekuwa ukisambazwa kama faili la .tar.gz lenye vipande vya sauti vya MP3. Sauti zilipunguzwa, mafaili yakafungashwa, furushi likabanwa. Kubana huko hakuongezi faida kubwa, kwa kuwa MP3 yenyewe haina tena nafasi ya kubanwa. Kazi kubwa hapo inafanywa na kufungasha, kwani hakuna mtafiti ambaye angependa kuvuta vipande hivyo kimoja kimoja kutoka katika mtandao. Mtu anayeambiwa tu kwamba mkusanyo huo ‘umebanwa’ hajaambiwa lolote la maana.

Uziada na upatanisho wa kisarufi

Wapo wanafunzi, na hata walimu, wanaoamini kwamba faili la ZIP ni faili lililoumizwa kidogo: kama kimekuwa kidogo, lazima kuna kilichopotea. Imani hiyo si ya kipuuzi. Inatokana na uzoefu wa vitu vya kawaida, na jibu lake liko ndani ya taaluma yetu wenyewe.

Lugha ina uziada. Claude Shannon alilieleza jambo hili kihesabu katika makala yake ya mwaka 1948, lakini mtu yeyote aliyefundisha ngeli amekuwa akilieleza bila hesabu. Tuchukue sentensi: ‘Vitabu vile viwili vimepotea.’ Habari ya wingi na ya ngeli imetolewa mara nne, na tungeielewa sentensi hata kama ingetolewa mara moja. Njia ya kubana iliyobuniwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977 hunufaika na marudio ya aina hiyo. Mashine inapokuta mfuatano wa herufi ambao umekwisha kupita, haiuandiki tena. Huandika agizo fupi la kurudi nyuma hatua kadhaa na kunakili herufi kadhaa. Katika njia ya Deflate, ambayo ndiyo itumikayo zaidi katika ZIP, mfuatano unaoweza kunakiliwa lazima uwe na urefu wa alama tatu au zaidi. Silabi vi- ina mbili tu. Lakini nafasi tupu iliyo kabla ya neno nayo ni alama. Kwa hiyo nafasi, v na i, zilizoandikwa mwanzoni mwa vile, zinaweza kunakiliwa mwanzoni mwa viwili na tena mwanzoni mwa vimepotea. Mashine isiyojua sarufi hata kidogo imeugundua upatanisho wa kisarufi. Neno polepole ni rahisi zaidi: andika ‘pole’, kisha rudi nyuma herufi nne na unakili nne. Hakuna kilichopotea, anayefuata agizo hilo hupata polepole na hawezi kupata kingine.

Deflate huongeza hatua ya pili, iliyotokana na kazi ya David Huffman ya mwaka 1952, ya kuzipa alama zitumikazo sana msimbo mfupi na zile adimu msimbo mrefu. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Katika msimbo wa Morse herufi e ina nukta moja tu, kwa kuwa ndiyo itumikayo zaidi katika Kiingereza, nayo a ina nukta na kistari. Mpiga simu wa maandishi wa Kiswahili alikuwa akilipa gharama ya takwimu za lugha nyingine, maana katika Kiswahili herufi inayojitokeza zaidi ni a. Njia ya Huffman inaweza kupanga misimbo yake upya kwa kila faili kulingana na kilichomo, hivyo matini ya Kiswahili huipa a msimbo mfupi bila mtu yeyote kuomba ruhusa. Katika teknolojia nyingi lugha zetu hutendewa kama wageni. Katika hii, kwa bahati njema, kila lugha huhesabiwa upya.

Kutokana na maelezo haya inaonekana pia kwa nini kubana kuna kikomo. Kinachoondolewa ni uziada, na uziada ukiisha hakuna cha kuondoa. Anayebana faili lililokwisha kubanwa atapata faili la ukubwa uleule au lililozidi kidogo.

Kauli ya kutendua

Nimesema kwamba kubana na kupunguza ni vitendo tofauti kwa sababu kimoja kina marejeo na kingine hakina. Kiswahili kina chombo cha kisarufi kilichokusudiwa hasa kwa tofauti hiyo, nacho ni kauli ya kutendua. Tunafunga na kufungua, tunakunja na kukunjua, tunaziba na kuzibua, tunatega na kutegua. Kiambishi hiki hakizalishi tena kwa uhuru kama viambishi vya kutendea au kutendesha. Hatuwezi kukipachika popote tupendapo. Hata hivyo, pale kilipo kinabeba ahadi: kwamba hali ya kwanza inaweza kurudi.

Kitenzi choma kinalionyesha jambo hili vizuri. Kina maana ya kupenyeza kitu chenye ncha, na kina maana ya kuunguza kwa moto. Chomoa inatangua maana ya kwanza tu. Kisu kilichochomwa ubavuni huchomolewa. Nyama iliyochomwa haichomolewi. Mzungumzaji wa Kiswahili hafundishwi tofauti hiyo, anaijua, kwa sababu kutendua hakukubali kushikamana na jambo lisilotenduka.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kitendo cha pili kiitwe kubana na kinyume chake kiitwe kubanua. Banua si neno la kubuni. Lipo katika lugha kwa maana ya kulegeza au kuachanisha kilichobanwa. Kitendo cha tatu kiitwe kupunguza, kitenzi ambacho hakina kutendua na hakipaswi kupewa. Faida nyingine ya kupunguza ni kwamba humlazimisha msikilizaji kuuliza: kupunguza nini? Hilo ndilo swali linalotakiwa kuulizwa kabla rekodi haijaguswa.

Hapa naomba nieleze kisa kimoja, kwani bila hicho msomaji anaweza kudhani kwamba tunacheza na maneno. Katika taasisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, rekodi za mahojiano ya Kimvita, zenye jumla ya saa 40 hivi, zilikuwa zimehifadhiwa katika muundo wa WAV. Sauti ya mkondo mmoja katika ubora wa kawaida wa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa sampuli huchukua takriban megabaiti 318 kwa saa, hivyo rekodi zote zilifikia gigabaiti 12.7. Ikaamuliwa kwamba ‘zibanwe’ ili kuokoa nafasi. Mkuu aliyeombwa kuidhinisha aliuliza swali la busara: je, tukizihitaji kama zilivyokuwa tutaweza kuzirudisha? Akajibiwa kwamba kilichobanwa hufunguliwa. Kilichofanyika kilikuwa kuzigeuza kuwa MP3 za kilobiti 32 kwa sekunde, yaani chini ya megabaiti 15 kwa saa, kisha kuzifuta zile za awali.

Miaka michache baadaye alitokea mwanafunzi aliyetaka kupima mpumuo katika vipasuo vya Kimvita, ule unaotofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni, ambaye p yake hutamkwa kwa mpumuo. Upimaji wa namna hiyo hutegemea milisekunde chache baada ya mpasuko wa konsonanti. MP3 ya kiwango cha chini huutawanya mpasuko huo, hata sehemu yake ikasikika kabla haujatokea, na huzifuta sauti za masafa ya juu ambamo sehemu ya mpumuo hukaa. Maneno yote ya wazee wale yanasikika na hadithi zao zinaeleweka. Fonetiki yao haipo. Flashi moja ya gigabaiti 16 ingezitosha rekodi zote kama zilivyokuwa; na kama nafasi ilikuwa ya kuhurumiwa, muundo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, ungezibana kweli hadi nusu ya ukubwa wake hivi, na siku yoyote zingebanuliwa.

Hatari ileile inazikabili hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Picha ya JPEG ya ubora wa chini huacha madoa madogo pembezoni mwa kila mstari wa wino. Katika hati ambamo nukta moja inatenganisha herufi na herufi, doa si jambo dogo. Picha za namna hiyo ziwekwe katika TIFF, ambayo inaweza kubanwa bila kupunguzwa, na JPEG itengenezwe kwa ajili ya kuonyeshea watu tu.

Zipo hoja dhidi ya mapendekezo haya. Ya kwanza ni kwamba watu wamekwisha kuzoea kuzipu. Sina ugomvi na zipu kama jina la muundo, kama nisivyo na ugomvi na MP3. Lakini kuzipu kama kitenzi kimekuja na kinyume chake cha Kiingereza, na leo twasikia vijana wakisema kuanzipu, ambamo kiambishi awali cha kigeni kimebebwa kizima. Wapo watakaotaka kukipa mofolojia yetu na kusema zipa na zipua. Masikio yangu yanakataa, ingawa masikio ya mtu wa umri wangu si hakimu wa mwisho katika mambo haya. Hoja ya pili inahusu vitenzi vingine. Kukandamiza kumeshughulishwa mno na siasa. Kushindilia kunahusu zaidi gunia kuliko kilichomo, na anayeshindilia kwa kawaida anataka kujaza zaidi, kama wauza lumbesa wajuavyo. Mshindani wa kweli ni kukunja na kukunjua, jozi ambayo ina kutendua kulekule na picha safi ya kitambaa. Naipendelea bana kwa sababu moja tu, kwamba imekwisha kuenea katika matumizi, na istilahi inayotembea kwa miguu yake haihitaji kubebwa.

Kuhusu neno la Kiingereza archive ninalo la kusema kwa ufupi. Huko kwao lina maana ya mahali pa kuhifadhia nyaraka na pia furushi la mafaili. Wanaolitafsiri furushi hilo kuwa ‘faili la kumbukumbu’ au ‘faili la nyaraka’ wanawafanya watu waamini kwamba kazi yao imehifadhiwa, ilhali imefungashwa tu na ingali katika diski moja inayoweza kufa usiku wa leo. Furushi latosha.

Kufungua kuna maana ngapi?

Kitenzi kinachobaki ndicho kinachoonekana rahisi kuliko vyote. ‘Fungua faili’ huambiwa mtu, naye hulibonyeza mara mbili. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, faili la ZIP likibonyezwa hivyo huonekana kama kabrasha la kawaida. Mtumiaji huiona sura ya pili ya tasnifu yake, huibonyeza, husahihisha kurasa kumi, huhifadhi na kulala. Kumbe alichokuwa akisahihisha kilikuwa nakala ya muda ambayo programu ilimtolea pembeni, na mabadiliko yake hayakurudi ndani ya furushi. Kosa si lake. Ameambiwa afungue, naye amefungua.

Tunahitaji vitenzi viwili hapa. Kuona orodha ya vilivyomo kuitwe kuchungulia. Kupata mafaili yenyewe yakiwa kamili na huru kuitwe kutoa. Na maelekezo yaseme wazi kwamba mtu achungulie kwanza, kisha atoe yote katika kabrasha alilolichagua, ndipo afanye kazi. Pakua lingefaa kama lisingekwisha kuchukuliwa kwa maana ya kuleta kitu kutoka mtandaoni. Hata huko limebadilika: anayepakua shehena huacha jahazi tupu, anayepakua faili huliacha palepale lilipokuwa. Kutoa nako kuna sifa hiyo, kwani baada ya kutoa furushi hubaki lilivyo, na halifai kufutwa kabla yaliyotolewa hayajakaguliwa.

Kuchungulia kuna umuhimu mwingine. Furushi dogo linaweza kuficha mzigo usiomithilika. Lipo faili mashuhuri la ZIP lenye kilobaiti 42 tu ambalo, likitolewa lote hadi ndani kabisa, hufikia petabaiti 4.5, kiasi ambacho hakuna kompyuta ya ofisini iwezayo kukipokea. Isitoshe, barua pepe nyingi zenye nia mbaya huficha programu haribifu ndani ya ZIP. Orodha ikionyesha jina linaloishia kwa .exe au .js mahali palipotarajiwa tasnifu, mtu asitoe chochote, ampigie simu aliyetuma.

Programu ikidai kwamba furushi limeharibika, jambo la kwanza ni kulinganisha ukubwa wake na ule wa la awali. Fahirisi ya ZIP huandikwa mwishoni mwa faili. Mtandao ukikatika dakika ya mwisho, fahirisi ndiyo isiyofika, na programu ya kawaida hukataa furushi zima ijapokuwa karibu mafaili yote yamo na yangeweza kuokolewa kwa programu ya kukarabati. Kulivuta upya aghalabu kunatosha. Kulifuta kwa hasira hakufai. Ama furushi likiwa limegawanywa vipande, .part1.rar, .part2.rar na kuendelea, vyote sharti viwe katika kabrasha moja, na utoaji huanza na cha kwanza.

Muundo wa RAR, uliobuniwa na Eugene Roshal mwaka 1993, husomwa na programu nyingi lakini kuutengeneza kunahitaji programu yenye leseni yake. 7-Zip ya Igor Pavlov, iliyotoka mwaka 1999, ni ya bure na huisoma karibu miundo yote. Windows 11 nayo ilianza kusoma RAR na 7z kwa masasisho ya mwaka 2023. Kwa ajili ya hifadhi ya idara ningeshauri ZIP au tar tu, kwa kuwa maelezo ya miundo hiyo yako wazi na hayamtegemei mtu mmoja. Majina ya mafaili yanayoandikwa kwa herufi za Kiarabu yanahitaji uangalifu wa ziada: ZIP ya awali haikuyajua, na programu za zamani huyageuza kuwa alama zisizosomeka. Majina yetu ya herufi za Kilatini hayana taabu hiyo.

Neno la siri ni jambo ambalo idara hulichukulia kwa wepesi usiostahili. Usimbaji wa awali wa ZIP ulionyeshwa kuwa dhaifu tangu mwaka 1994, katika uchunguzi wa Eli Biham na Paul Kocher. Haufai kulinda mtihani. Ule wa kisasa wa AES una nguvu kiasi kwamba neno la siri lililo refu likipotea, hata mtengenezaji wa programu hana ufunguo wa akiba. Mtafiti akistaafu au akifariki na neno lake la siri, data yake huzikwa naye. Tena katika ZIP ya kawaida yanayofichwa ni yaliyomo tu. Orodha ya majina inachungulika na kila mtu, hata asiye na neno la siri. Watafiti wanaoyaita mafaili yao kwa majina ya watoa habari, pamoja na kijiji na tarehe, wamekwisha kuvunja ahadi ya usiri waliyoitoa uwandani, wakiwa na hakika kwamba wameilinda.

Jambo la mwisho linahusu mafaili ambayo hatujui kwamba ni mafurushi. Mnamo mwaka 2004 ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya Kiswahili iliyotokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila hati iliyoandikwa humo ilihifadhiwa kama ZIP yenye jina jingine. Ndivyo zilivyo hati za .docx za Microsoft Word tangu toleo la mwaka 2007, na vitabu vya EPUB. Mwanafunzi ambaye tasnifu yake ya .docx imekataa kufunguka anaweza kutengeneza nakala yake, akabadilisha mwisho wa jina kuwa .zip, akachungulia. Mara nyingi atalikuta humo kabrasha liitwalo word na ndani yake faili la document.xml lenye maneno yake, ijapokuwa yamezungukwa na alama nyingi za mashine.

Idara isiyo na fedha za mtaalamu wa kompyuta inaweza kuanzia kwenye fomu yake ya kupokelea data za uwandani. Mahali pa kuuliza tu kama mafaili ‘yamebanwa’, fomu iulize kama yamefungashwa, na kwa muundo gani. Kama yamebanwa, na kwa programu ipi. Kama yana neno la siri, na nakala yake katika bahasha iko kwa nani. Na kama sauti au picha zimepunguzwa. Jibu la swali hilo la mwisho likiwa ndiyo, mstari unaofuata uulize rekodi za awali ziko wapi, na mtu asitie sahihi mpaka mstari huo ujazwe.